Tuhesabu siku za kitandani, maiti tuziache

Tangu mwezi wa tano 2025, mchezo wa Daggerheart ulipotoka, kuna lawama moja inazunguka kati yetu sisi tunaocheza michezo ya kuigiza ya mezani, ile ya kukaa watu watano na karatasi na dadu, mmoja anaongoza hadithi na wengine kila mtu ana mhusika wake. Eti michezo imekuwa laini kama bugali ya maji mingi. Hakuna tena kufa, mtu anapigwa shoka la kichwa alafu anaulizwa kwa heshima kama anapenda kufa ao hapana. Na kweli kanuni iko vile: mhusika akimaliza uhai wake, mchezaji mwenyewe anachagua kati ya njia tatu. Anaweza kufa kishujaa, tendo lake la mwisho likafanikiwa vizuri sana. Anaweza kukwepa kifo, akazimia hapo hapo na hali ya wenzake ikaharibika zaidi, alafu anarusha dadu kuona kama atabaki na kovu. Ao anacheza kamari ya dadu mbili, ya tumaini na ya woga, ya tumaini ikizidi anasimama, ya woga ikizidi amekwisha. Watu walifika kwenye neno "anachagua" wakafunga kitabu, wakaenda kulalamika.

Mimi naona wamesoma vibaya, na wamesoma vibaya juu walikuwa wanatafuta jibu la swali ambalo halina maana sana. Kuuliza mchezo fulani unaua watu wangapi ni sawa na kupima ukali wa pilipili kwa kuhesabu waliolia. Kitu kinachofanya panga liogopwe mezani ni deni ambalo jeraha linakuachia kesho yake, na kama ulipata nafasi ya kuliona linakuja. Mchezo unaweza kuua mtu kila juma na hakuna anayejali, kila mchezaji ana karatasi ya mhusika mwingine mfukoni. Na mwingine unaweza kumaliza mwaka bila maiti hata moja na bado watu wanashika pumzi mtu akichomoa kisu. Turudi kwenye lile kovu la Daggerheart: ukikwepa kifo unarusha dadu ya tumaini, ya pande 12, na ikitoka namba sawa na nivo yako, ngazi ya mhusika, ao chini yake, unafuta milele nafasi moja ya kuweka tumaini, zile pointi unazotumia kujisaidia. Nafasi ziko sita. Ukifuta ya mwisho, safari ya mhusika imeisha. Sasa piga hesabu: nivo ya kwanza una bahati mbaya moja kwa 12, nivo ya kumi una kumi kwa 12. Yaani kadiri unavyokuwa mkubwa ndivyo kila kuanguka kunakukata kipande. Dungeons & Dragons, mchezo mzee kuliko yote ya aina hii, kwa kifupi D&D, imefanya kinyume toka zamani, pale mtoto wa nivo ya kwanza ndiye anakufa kama kifaranga, na mkubwa ana kuhani wa kumfufua, kuanzia nivo ya tano tu, kwa almasi ya vipande 300 vya dhahabu kama maiti haijapita dakika moja. Nani hapo ni laini?

Ili tuelewane inabidi turudi nyuma kidogo. Dungeons & Dragons ya kwanza ilitoka 1974 huko Marekani, ya Gary Gygax na Dave Arneson, na wote wawili walitoka kwenye michezo ya vita, ile ya kupanga wanajeshi wadogo wa madini ya risasi kwenye meza. Kwenye michezo ile mwanajeshi akianguka unamtoa mezani, imekwisha, hakuna anayemuuliza jina. Walipohama kutoka jeshi zima kwenda kwa mtu mmoja mmoja, kanuni ya kumtoa mezani ilihama nao. Mchawi wa nivo ya kwanza alikuwa na uhai wa dadu moja ya pande sita, na panga lilikuwa linapiga dadu moja ya pande sita, kwa hiyo pigo moja likimpata lilimmaliza mara 21 kwa 36, zaidi ya nusu. Sifuri ilikuwa kifo. Lakini, na hii watu wa "zamani ilikuwa kazi ya wanaume" wanaisahau kila siku, miaka mitano tu baadaye, 1979, Gygax mwenyewe aliweka kwamba kwenye sifuri unazimia, unashuka pole pole, na unakufa ukifika pointi kumi chini ya sifuri. Alafu ukiokolewa, unalala wiki nzima. Wiki nzima! Hiyo wiki iliandikwa na yule yule mzee tunayemtaja tukitaka kusema mchezo wa zamani ulikuwa hauna huruma.

Kilichotokea baada ya hapo ni kwamba zile hatua kumi za kushuka zilibaki, zikabadilika sura, na wiki ya kitanda ikapotea njiani. Toleo la 2000 lilibakisha zile hatua kumi. Toleo la 2014 likaleta dadu ya kifo: ukiwa sifuri unarusha ya pande 20, kumi na kuendelea ni heri, chini yake ni balaa, balaa tatu umekufa, heri tatu umetulia. Ukiachwa peke yako chini, bila mtu wa kukusaidia, unapona karibu mara sita kwa kumi. Lakini nani anaachwa peke yake? Kuhani anatamka neno moja la kuponya akiwa mbali, hapotezi ata pigo lake, wewe unasimama na pointi chache tu, unapiga, unaangushwa, anatamka tena. Na ukilala masaa nane umekuwa mzima kabisa, hakuna ata mchubuko. Marekebisho ya 2024 yaliongeza nguvu ya ile miujiza midogo ya kuponya, dadu mbili badala ya moja, na mimi sikulaumu, angalau sasa kumtibu mtu kabla hajaanguka kuna faida kidogo. Ila deni la kesho yake bado ni sifuri.

Sasa hoja za wanaotaka mchezo uue. Wana hoja moja nzuri sana, na nitaipa haki yake. Wanasema hofu ya kufa inafundisha kufikiri: ukijua pigo moja linatosha, hauingii mlango kwa mateke, unachungulia, unapeleleza, unahonga mlinzi, unakimbia. Ni kweli. Ila angalia ile hofu ilikuwa inaishi ndani ya nini. Kwenye michezo ya zamani pointi za kupanda nivo zilitoka zaidi kwenye dhahabu uliyotoa pangoni, si kwenye maadui uliowaua, kwa hiyo kukwepa vita ilikuwa akili na ilikuwa inalipa. Ukikutana na viumbe, mwongozaji alikuwa anarusha dadu mbili kuona kama wanakuja kwa hasira ao wanataka kuongea. Na toleo la mafunzo la 1981 lilimpa kila kiumbe namba ya moyo, wenzake wakianza kuanguka dadu inaamua kama wanakimbia. Vitu hivyo vitatu, faida ya kukwepa, nafasi ya kuongea, na adui mwenye woga, ndivyo vilikuwa vinafanya kifo kiwe cha haki. Leo mtu anachukua ule ukali peke yake, anauweka kwenye mchezo ambao kila kitu kinakusukuma upigane, adui wake wanapigana mpaka wa mwisho kama hawana mama, alafu wachezaji wakifa anasema hawajui kucheza. Amechukua pilipili akaacha samaki.

Hoja yao dhaifu, na ndiyo wanaipenda kuliko zote, ni ya uhalisia. Panga ni panga, wanasema, mtu akipigwa anakufa ao anapoteza mkono, mchezo wa kweli lazima uwe hivyo. Watu wamejaribu, na walijaribu kwa bidii. RuneQuest ya 1978 iligawa mwili, kila mguu na kila mkono na kichwa na pointi zake, na Steve Perrin, mmoja wa waandishi wake, alikuwa mtu wa vile vyama vinavyoiga mapigano ya zama za kati, wanavaa deraya, mavazi ya chuma ya vita, na kupigana na silaha za henzerani, basi alikuwa anajua kitu kidogo kuhusu kupigwa. Baadaye Rolemaster ikaja na tablo, yaani majedwali, ndefu za majeraha, silaha hii na deraya ile, mfupa unavunjika hivi, damu inatoka kiasi hiki. Ni kazi nzuri, na mimi nilikuwa nazisoma usiku sawa riwaya. Lakini uhalisia wote ule unaishia kwenye sekunde ya pigo. Ni uhalisia wa panga. Uhalisia wa kitanda hauko, ao uko mstari mmoja chini ya ukurasa.

Na mtu yeyote wa hapa kwetu Goma, mashariki mwa Congo, aliyewahi kulala na mgonjwa anajua jeraha linaanzia pale tablo inaishia. Risasi ya mguu mara nyingi haiui. Inakuweka miezi na vyuma vinne vinatoka nje ya ngozi, unaamuka usiku kila ukitaka kugeuka, kila asubuhi mtu anakuja kusafisha pale chuma kinaingia kwenye nyama na unaanza kulia kabla hajakugusa. Gadimalade wako, yule anayebaki na mgonjwa, dada ao mama mdogo, analala kwenye mkeka chini ya kitanda, anapika na makaa nyuma ya paviyo, jengo la wagonjwa, biashara yake sokoni imesimama juu yako. Alafu inakuja faktire, karatasi ya deni la hospitali. Na sote tunajua watu waliopona kabisa, wanatembea, wanacheza karata uwanjani mwa hospitali na hawatoki, juu ukoo bado unachangisha. Mtu mzima, kidonda kimefunga, amefungwa na karatasi. Hiyo ndiyo hali halisi ya jeraha, ni muda na ni watu wengine, na hakuna tablo ya 1980 iliyokuwa nayo. Mtu anayeniambia anataka uhalisia alafu ananionyesha kanuni ya kukata kichwa, mimi namuuliza tu nani anabaki na mgonjwa.

Tena zile tablo zina kasoro ya hesabu ambayo haihitaji hospitali kuiona. Kitabu cha mwongozaji cha D&D cha 2014 kina tablo moja ya hiari ya majeraha yanayobaki, dadu ya pande 20, namba moja unapoteza jicho, mbili mkono, tatu mguu. Tatu kwa 20, asilimia 15. Nani atairusha mara nyingi? Ni yule anayesimama mbele, mwenye ngao, anayepigwa ili wengine wasipigwe. Mpiga mishale wa nyuma atazeeka na macho mawili. Kwa hiyo kanuni inaadhibu ule ule ushujaa unaousifu. Na adui je? Adui akikatwa mkono anakufa usiku huo huo, mkono wake haumhusu tena, wakati mchezaji anabeba ule upungufu Jumamosi ishirini zinazofuata. Ukiweka tablo moja kwa pande zote mbili unaona kama ni haki, kumbe upande mmoja tu ndio una kesho.

Upande wa pili nao si wote wana akili, tuseme ukweli. Kuna wanaosema kifo kinaharibu hadithi, mtu ametengeneza mhusika miezi mitatu, ana mama yake, ana kisasi chake, unamuuaje na mshale wa bahati mbaya. Kifo hakiharibu hadithi, ngano za bibi zetu zimejaa maiti na watoto bado wanaomba zirudiwe. Kinachoharibu ni kifo ambacho hakikutangaza, na zaidi ya hapo ni kile kitu kidogo cha aibu ambacho vitabu vinakipita haraka: mtu amekufa saa tisa, wengine wanacheza mpaka saa kumi na mbili, yeye amekaa pale anakula mikate na kuchezea simu. Ametoka mtaa wa Ndosho kwa pikipiki, amelipa kwenda na kurudi, amecheza dakika arobaini. Hiyo ni hoja nzito kuliko "hadithi" yote, na inahusu nauli.

Kuna hoja ingine ambayo nje wanaitumia juu yetu bila kutuuliza, kwamba watu waliopita kwenye vita hawataki vita mezani, basi wapewe mchezo wa polepole. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, vita ilipoingia ndani ya mji, kila mtu hapa anajua alilala chini ya nini. Tulipokusanyika tena miezi baadaye, mmoja wetu alisema hataki bunduki kabisa, panga sawa, bunduki hapana. Mwingine alitaka vita kubwa kuliko mwanzo, alitaka ashinde mara moja. Hakuna kanuni ya kitabu inayojua hao wawili watakaa kwenye meza moja. Unauliza kabla ya kuanza, unaandika, mnaheshimu, basi. Ila si sababu ya kusema michezo yote iwe laini ao yote iwe mikali.

Sasa kwetu. Tunachezea mtaa wa Himbi, kwenye veranda ya rafiki, na dadu za pande 20 hatuna, tunarusha za kwenye simu, na chaji ikiisha tunachomoa vikaratasi vya namba kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Mwaka huu kulikuwa na pambano moja darajani, D&D ya 2014, shujaa wetu wa mbele alianguka mara tano na kuhani akamwamusha mara tano kwa lile neno lake. Kati yetu kuna msichana anafanya staji ya udaktari, alikuwa kimya muda wote, alafu akamwambia mwongozaji: "Yaya, uyu mutu ameanguka mara tano, ameamuka mara tano, ata damu hajapanguza. Na kesho ataenda kulima?" Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Lakini juma lililofuata tulikuwa na kanuni, fupi kuliko zote nilizowahi kuona. Neno la kuponya linaendelea kukuamusha, sawa. Ila pambano likiisha, kila kuanguka ni siku tatu za kitanda. Ukiamuka mapema unaweza, lakini kila ukirusha unarusha mara mbili na kubaki na namba ndogo. Na mgonjwa lazima awe na gadimalade, mmoja wa wenzako, ambaye naye hatoki.

Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo ilibadilisha kila kitu, na sikuitegemea. Kabla, kuanguka kulikuwa shida ya aliyeanguka. Sasa shujaa akianguka mara mbili, siku sita za mtu mwingine zimeliwa, na huyo mtu yuko hapo mezani anakutazama. Wakaanza kupigiana kelele katikati ya pambano, rudi nyuma, wewe rudi nyuma, mimi sibaki na wewe tena. Walianza kujisalimisha, kitu ambacho sijawahi kuona kwenye mchezo huu. Kwa miezi minne hajakufa mtu, na hakuna aliyesema ni laini.

Inafanya kazi kwa sharti moja tu. Kile kitabu cha 2014 kilikuwa na hiari ya kupumzika siku saba badala ya usiku mmoja, na wengi waliijaribu wakaona haina ladha, juu walilala siku saba wakaamuka wakakuta dunia iko pale walipoiacha. Siku saba ambazo hakuna kinachotokea nje ni usiku mmoja wenye jina refu. Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha wa kupeleleza waabudu wa miungu ya ajabu, inajua hilo: jeraha kubwa unalirushia dadu mara moja kwa wiki, ukifaulu unapata pointi moja mpaka tatu, mtu wa kawaida ana kumi na kitu tu, na wakati huo wale waabudu wako wanaendelea na maombi yao. Blades in the Dark ya 2017, mchezo wa genge la wezi, inajua pia, kupona kunakula nafasi ambayo ungetumia kwa kazi ingine, na maadui wako wana saa zao za kuchora kwenye karatasi zinajaa kipande kwa kipande. Kwa hiyo anayetaka vita yenye uzito asianze na tablo ya majeraha, aanze na kalenda. Adui wako anafanya nini siku ya tatu? Mvua inaanza lini, bei ya chumvi inapanda lini, nani anaoa? Ukishakuwa na hayo majibu, jeraha dogo tu la bega linatosha kumtoa mtu jasho, na kama hauna, kata vichwa vyote unavyotaka.

Na wanaoandika kanuni nao wana kazi hapo. Miaka hamsini wamejadili ni pointi ngapi kati ya kusimama na kufa, sifuri, kumi chini ya sifuri, dadu tatu. Kurasa kumi za silaha, nusu ukurasa wa kupona. Nadhani lile kovu la Daggerheart limefungua macho juu linagusa kesho ya mhusika, ata kama mimi binafsi naona lingekuwa bora zaidi likigusa na wenzake.

Jumamosi iliyopita tulisimama mahali pabaya. Shujaa ana siku tisa za kitanda, leo ni ya nne. Msafara wa chumvi unaondoka siku ya sita, na ndani yake yuko mtu aliyemchoma. Gadimalade wake ni mwizi wetu, ambaye toka siku ya pili anataka kutoka, na juzi aliuza kofia yake kulipa dawa. Shujaa anasema ataamuka na mguu vile vile. Mwizi anasema kama anaamuka, basi arudishe kofia kwanza. Umeme ukakatika wakiwa bado wanabishana, mtu akawasha tochi ya simu, mwingine tayari alikuwa ameingiza mkono kwenye mkebe wa maziwa.